Usajili Mkubwa wa Msichana Aliyekuwa Hapa Hapa

Kwa furaha isiyo kifani, na kwa niaba ya Idara ya Michezo ya Chuo Kikuu cha Platteway, Nebraska (ambayo haikunituma), napenda kuutangazia umma kwamba Ofisi ya Mwendelezo wa Kikosi imetimiza malengo yake kwa asilimia mia moja. Mimi, Dwight Ohlendorf, ndiye mwasisi wa ofisi hiyo na, hadi Septemba, Naibu Mkurugenzi Mshiriki wake. Ndani ya mwaka mmoja tu tumehakikisha kwamba timu yetu ya wanawake ya mpira wa kikapu haina hata mchezaji mmoja aliyekuwepo mwaka uliotangulia.

Najua kuna watu wenye midomo watakaouliza huo ni mwendelezo wa nini. Hao ndio wale wale waliotaka kuandamana siku kantini ilipoishiwa mkate wa mdalasini wa kulia na mchuzi wa maharage. Watu wa namna hiyo hawaridhiki. Nitaeleza mambo yalivyokuwa hatua kwa hatua, maana nimechoka kusemwa.

Zamani kocha alikuwa anakwenda mpaka shambani kwa watu, anakaa jikoni, anakula pai ya mama mwenye nyumba, anamsifia binti wa miaka kumi na saba, kisha anasubiri miaka minne binti akomae. Upotevu mtupu wa muda. Siku hizi kuna Lango la Uhamisho. Mchezaji akichoshwa na chuo chake anaandika jina lake Langoni, na kabla ya chakula cha mchana makocha wa nchi nzima wameshaliona. Anakuja akiwa ameshapikwa, wewe kazi yako kupakua tu.

Mchango wangu katika sayansi hii ni Fomu Namba Saba, ya Kupima Mvuto wa Mchezaji. Niliiandika mwenyewe kwa siku mbili mezani kwangu, mke wangu alipokwenda kumwona dada yake. Ni fomu ya haki. Kila chuo ulichochezea ukakihama, pointi kumi. Kila kocha wa nje aliyekupigia simu, pointi tano. Kila mwaka uliokaa kwetu bila kuhama, unakatwa pointi tatu. Mtu ambaye hakuna aliyejaribu kumchukua, utajuaje kama ana thamani? Wengine waliniuliza kwa nini fomu haina sehemu ya kutupia mpira kikapuni. Niliwajibu kwamba kutupia ni jambo la mazoezi, bali kutakiwa ni jambo la hulka.

Kinara wetu alikuwa Jazlyn Prewitt, aliyepitia vyuo vinne katika miaka minne. Pointi sitini na tano, jamani! Siku aliyotua kwetu aliniuliza kama sisi ndio wale wenye ziwa.

"Hapana, binti, ziwa hatuna."

"Poa tu," akasema, akajaza fomu ya mapokezi kwa jina la chuo cha mwaka juzi. Nilimpongeza kwa uzoefu.

Sasa nije kwa Taryn Novotny, maana mji mzima unalitaja jina hilo kila unaponiona nanunua mafuta ya gari.

Taryn ni wa hapa hapa. Amelelewa na bibi yake, Arlys Novotny, kwenye nyumba nyeupe mitaa miwili kutoka uwanjani. Alikaa nasi miaka mitatu. Miwili ya kwanza alisugua benchi mpaka benchi likang'aa, wa tatu akaanza kuingizwa kipindi cha pili, akatupia mipira ya pointi tatu kwa asilimia arobaini na moja. Kila Agosti, wageni kumi na moja walipokuja, yeye ndiye aliyewafundisha mipango ya mchezo, mahali pa kufulia soksi, na namna ya kujua Kocha amekasirika au ana njaa. Kocha wetu mkuu, Deb Strickler, alikuwa anasema "Muulizeni Taryn" mara nyingi kwa siku hata wachezaji wengine walidhani ni jina la kitengo.

Bibi Arlys ana kiti chake mstari wa pili, miaka thelathini na mmoja sasa. Huja na daftari la kuandika majina ya wachezaji. Zamani aliandika kwa wino. Tangu Lango lifunguliwe anaandika kwa penseli, na kifutio kiko mkononi muda wote. Alikuwa amemwahidi mjukuu wake jambo moja: siku atakayoanza mechi kwenye uwanja huu, akiwa mmoja wa wale watano wa kwanza, jina lake litaandikwa kwa wino. Lakini macho ya bibi yalikuwa yanakwisha. Kikapu cha karibu alikiona, cha mbali alikikisia kwa kelele za watu. Daktari alisema labda msimu mmoja zaidi wa baridi, basi. Kwa hiyo Taryn alikuwa na mwaka mmoja tu wa kutimiza shabaha yake, na huo mwaka ulikuwa mikononi mwangu. Nilimwita ofisini Aprili.

"Taryn, binti yangu, kaa. Umetoka hasi tisa."

"Hasi tisa ya nini?"

"Ya mvuto."

"Bwana Ohlendorf, mimi natupia asilimia arobaini na moja."

"Sikatai. Ila hatuna kisanduku chake."

Akaigeuza fomu kutazama nyuma. Nyuma hapakuwa na kitu.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nafasi ziko kumi na tano, na zote kumi na tano zimetengwa kwa wanaotoka Langoni. Tunakushukuru kwa mchango wako."

"Kocha aliniahidi mwaka huu nitaanza. Aliahidi jikoni kwetu, bibi anasikia, kipande cha pai kiko mkononi mwake!"

"Ahadi za jikoni ni za utaratibu wa zamani," nikamweleza kwa upole. Mimi si mtu katili.

Kisha akaniuliza swali ambalo nililiona la kiakili sana.

"Hebu niambie. Ningekuwa natoka chuo kingine, mngenichukua?"

"Kwa mikono miwili."

"Mimi huyu huyu?"

"Wewe huyo huyo."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ni heshima. Kumbe alikuwa anahesabu. Saa tano asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameshaandika jina lake Langoni.

Hapa ndipo ubora wa mifumo yetu unapojidhihirisha. Ofisi ina programu ya kompyuta tuliyoipa jina la Jicho, inayochungulia Langoni kila baada ya dakika tano. Saa tano na dakika tano, Jicho likaona msichana mwenye asilimia arobaini na moja na uzoefu wa miaka mitatu katika mipango ya Chuo Kikuu cha Platteway. Likamtumia ujumbe papo hapo, wenye sahihi yangu: "Mpendwa Taryn, tumekuwa tukikufuatilia kwa muda mrefu. Una kipaji adimu. Je, umewahi kufikiria maisha ya Nebraska?"

Kufika jioni makocha kumi na wanne walikuwa wameshampigia. Nikapiga hesabu. Simu sabini, chuo alichohama kumi. Na kwa kuwa alikuwa ameondoka, ile miaka mitatu haikumhusu tena. Jumla themanini! Rekodi ya ofisi. Nilisimama nikajipigia makofi mwenyewe.

Kesho yake asubuhi Kocha Strickler akaingia bila kubisha, uso mwekundu.

"Dwight, umemwona huyu Novotny?"

"Nimemwona."

"Presha inanipanda! Mipango yetu yote anaijua!"

"Ndiyo, Kocha. Alikuwa hapa."

"Si ndiyo maana wanamtaka! Wale wa chuo cha Coldwater, Kansas, wameshampigia mara mbili. Ukimwacha yule mtoto aende, wewe na mimi tutakosana."

"Lakini jana alikuwa hasi tisa."

"Jana alikuwa wetu," akasema Kocha, na kwa kweli sijawahi kusikia falsafa ya ofisi yangu ikielezwa vizuri zaidi.

Tukaandaa ziara rasmi. Kanuni inasema mgeni apokewe uwanja wa ndege, na mimi kanuni siichezei. Basi Taryn akaendesha gari lake maili arobaini mpaka uwanja wa ndege, akaliegesha, akasimama kwenye mlango wa wanaowasili. Nikampokea kwa bango lenye jina lake. Tukarudi wote mjini, nikimwonyesha mashamba ya mahindi njiani.

"Na yale pale?" akauliza, akinyoosha kidole.

"Yale pia ni mahindi."

"Makubwa! Ningejuaje?"

Tulimtembeza kila mahali. Chumba cha kubadilishia nguo, ambako kandambili zake bado zilikuwa chini ya benchi. Chumba cha kunyanyulia vyuma. Tukamvalisha jezi, tukawasha mashine ya moshi, tukampiga picha ameshika mpira kama aliyetoka kwenye nyumba inayoungua. Usiku tukampeleka kula nyama ya kukaanga ya ukubwa wa sahani.

"Umepaonaje?" akauliza Kocha.

"Pamebadilika kidogo tangu juzi," akasema Taryn. Halafu akaweka uma chini. "Kocha, nina swali moja tu. Mechi ya kwanza ya nyumbani, nitaanza?"

"Tunakuona kama mtu wa kujenga naye."

"Nitaanza?"

"Mlango uko wazi wa kushindania..."

"Kocha, nilipokuwa mchezaji wako uliniahidi. Sasa unanitaka kuliko jana, na ile ahadi imekwenda wapi? Bibi yangu hana majira mengine ya kusubiri. Nijibu ndiyo au hapana, tumalize hii nyama."

Kocha akanitazama mimi. Nilichukua jukumu la kumweleza mgeni ukweli wa kitaalamu: nafasi yake ya mchezeshaji ameshapewa Jazlyn, kwa sababu Jazlyn asipoanza ataingia Langoni kesho yake, na akiingia Langoni atakuwa na pointi sabini na tano, na sisi tutalazimika kumtafuta upya. Taryn hana sababu hiyo. Taryn kwao ni hapa. Ataenda wapi?

"Nimeelewa," akasema Taryn. "Naomba mnirudishe uwanja wa ndege. Gari langu liko huko."

Wiki hiyo hiyo, kocha wa Coldwater, mwanamke mfupi aitwaye Imogene Fuchs, alikuja Platteway kwa gari, akabisha hodi kwenye nyumba nyeupe, akakaa jikoni. Utaratibu wa zamani kabisa! Habari hizi nilizipata baadaye, siku ya mechi, kwa Bibi Arlys mwenyewe. Kocha Fuchs alikula pai vipande viwili, akafuta mdomo, akasema, "Bibi, ataanza. Na mechi yetu ya pili ya msimu tunakuja kucheza hapa hapa kwenu, tarehe kumi na nne Novemba. Usikose kiti chako."

Hivyo Taryn akamwaga wino Coldwater. Mji ukanilaumu, lakini ripoti yangu ilisomeka vizuri: ofisi imezalisha mchezaji wa pointi themanini. Rais wa chuo, Dakta Hallowell, alifurahi mno. Aliandika waraka kwamba kipimo kizuri kiasi hiki hakifai kuishia kwa wachezaji, na kwamba kuanzia Julai kila mtumishi wa Idara ya Michezo atapimwa kwa Fomu Namba Saba. Kwenye kikao nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Wa pili hakuwepo.

Nikaandika jina langu kwenye orodha ya watumishi walio tayari kuhama, ili niwe mfano. Nilikuwa na hakika simu zitamiminika. Nilikwenda na simu bafuni. Nililala nayo kifuani, mke wangu akahamia chumba cha wageni. Wiki tatu nilipigiwa mara moja tu, na daktari wa meno. Nilimwuliza kama anaweza kuhesabiwa kama kocha. Akasema hapana, na kwamba nimepitisha tarehe ya kusafishwa.

Wiki ya nne, ujumbe ukaingia: "Mpendwa Dwight, tumekuwa tukikufuatilia kwa muda mrefu. Una kipaji adimu. Je, umewahi kufikiria maisha ya Nebraska?"

Sioni haya kusema kwamba moyo uliruka. Nilijua ni Jicho, lililoanza wiki hiyo kuchungulia na orodha ya watumishi, nilijua sahihi ni yangu, na bado machozi yalinilenga. Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyewahi kuniambia nina kipaji adimu. Nikaendesha gari mpaka uwanja wa ndege, nikasimama kwenye mlango wa wanaowasili na koti langu zuri. Saa moja ikapita. Saa ya pili nikakumbuka kwamba mtu wa kupokea wageni ni mimi. Nikarudi peke yangu, nikipita yale mahindi. Ofisini nikawasha mashine ya moshi, nikajipiga picha, nikakohoa mpaka king'ora cha moto kikalia.

Kisha nikajaza fomu. Vyuo nilivyohama: sifuri. Simu za nje: sifuri. Miaka niliyokaa hapa bila kuhama: kumi na tisa. Jumla, hasi hamsini na saba. Septemba ikaja barua, imetoka ofisi yangu mwenyewe, ya kunishukuru kwa mchango wangu. Nilisoma sahihi iliyokuwa chini mara mbili. Ilikuwa yangu, imekaa vizuri kabisa. Rais Hallowell, kwa taarifa yenu, mpaka leo hajajaza fomu yake. Anasema ana shughuli.

Tarehe kumi na nne Novemba nilikata tiketi kama mwananchi wa kawaida. Uwanja ulifurika, na kiti kilichobaki kilikuwa mstari wa pili, ubavuni kwa Bibi Arlys. Alikuwa amevaa sweta yetu ya siku zote, rangi zetu, na daftari mapajani. Majina kumi na tano ya Platteway yalikuwa tayari kwa penseli. Juu ya ukurasa wa pili aliandika Coldwater, akaacha mistari mitupu.

Mtangazaji wetu akaanza kuwataja wageni. Alipofika wa tano akaisogeza karatasi karibu na macho. Kisha akasema, taratibu, "Na mchezeshaji, kutoka hapa hapa Platteway, Nebraska, Taryn Novotny." Watu hawakujua wafanye nini na mtu wao aliyevaa jezi ya wengine. Halafu mzee mmoja wa juu kabisa akapiga kelele, "Huyo ni wetu!" na watu wote wakasimama. Bibi Arlys hakusimama. Alikuwa anatafuta kalamu ya wino mkobani. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia karatasi, akaandika herufi moja moja, akaipulizia ikauke.

"Yuko upande gani sasa?" akaniuliza.

"Kikapu cha karibu, Bibi. Yuko mbele yako kabisa."

"Namwona," akasema. "Wee! Namwona vizuri."

Kuhusu mechi yenyewe sina la kusema zaidi ya kwamba ilikuwa kipigo. Dakika ya nne Jazlyn, mpira uko mkononi, alimgeukia Taryn anayemkaba, akamwuliza, "Samahani, mpango huu mimi nasimama wapi?"

"Kona ya kushoto, halafu urudi juu," Taryn akajibu bila kufikiri, kama alivyojibu miaka mitatu. Jazlyn akashukuru, akampasia mwenzake mpira, akaenda kona ya kushoto. Taryn akausubiri mpira palepale unapopita, akaunyakua, akaenda kufunga peke yake.

Tukiwa nyuma kwa pointi kumi na nane, Kocha Strickler akaomba muda. Wachezaji wakamzunguka, wote wanauliza kwa mpigo, huyu wapi, yule wapi, tunakaba namna gani. Kocha akashika kichwa, akapaza sauti ambayo hata sisi mstari wa pili tuliisikia: "Muulizeni Taryn!"

Wasichana wetu wawili wakaanza safari kuelekea benchi la Coldwater. Ilibidi mwamuzi awarudishe.

Nilijikuta nacheka. Halafu nikaona si sawa mtu wa cheo changu kucheka, halafu nikakumbuka cheo sina, nikaendelea. Bibi Arlys akanigeukia, akanikazia macho yale yaliyobaki.

"Na wewe, mwanangu, ni nani? Sauti yako si ngeni."

"Dwight Ohlendorf, Bibi. Nimekaa ofisi ile ya juu kule miaka kumi na tisa."

"Miaka kumi na tisa! Mbona sina jina lako?" Akafungua ukurasa wa mwisho, kalamu ya wino mkononi, kisha akasita. "Mwaka huu bado upo?"

"Mchakato unaendelea," nikasema.

"Aa," akasema Bibi Arlys. Akairudisha kalamu mkobani, akachukua penseli, akaniandika pembeni kwa maandishi mepesi, na kifutio akakiweka karibu.